Mita Tatu za Upeo wa Macho

Borgo Saliceto, 9 Januari 1953

Bibi Orsola Tedaldi, Milano

Bibi Mheshimiwa,

Hatujuani, na kwa upande wako hiyo si hasara. Naitwa Terzo Baldisserri, mchoraji mkuu wa mandhari katika ukumbi wa opera wa mji huu. Hilo neno "mkuu" lisikutishe. Karakanani tuko watatu tu, na mmoja wetu, Fosca, kazi yake ni kuchemsha gundi na kunitukana, na zote mbili anazifanya kwa ustadi.

Nimeambiwa umekubali kutuchorea mandhari ya sehemu ya tatu ya opera mpya, ile ya wavuna chumvi. Wewe utachora kwenye karatasi, nasi tutaikuza karatasi hiyo iwe pazia la nyuma la mita kumi na nne kwa tisa. Ni haki yako kujua umeangukia mikono ya nani. Kwa miaka thelathini nimechora nguzo za marumaru, misitu yenye mbalamwezi na kasri za watu wanaokufa wakiimba. Mwaka 1938 mbwa wa mpiga tarumbeta alipanda jukwaani, akanusa nguzo yangu moja, akainua mguu. Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo, na bado natafuta ya kuipita. Michoro ya kisasa sijawahi kuigusa.

Nikueleze na jambo ambalo kamati haitakueleza. Mwenyekiti wetu, Daktari Pezzi mwenye duka la dawa, anaona karakana yetu ya darini imepitwa na wakati. Anataka mandhari ziwe zinakodiwa kutoka mji mkubwa, na dari igeuzwe stoo ya viti. Pazia lako ndilo mtihani wetu wa mwisho. Likipendeza, tunabaki. Lisipopendeza, Fosca atachemsha supu nyumbani kwake, nami nitapaka chokaa mabanda ya kuku. Sikwambii haya ili kukubana. Naam, labda kidogo.

Nangoja mchoro wako, pamoja na masharti yako yote.

Wako mtiifu,
Terzo Baldisserri


Milano, 20 Januari 1953

Bwana Baldisserri,

Barua hii inachapwa kwa mashine na dada yangu Clelia, kwa kuwa nina shughuli nyingi.

Mchoro umo ndani ya bahasha. Ni saa sita ya mchana katika mashamba ya chumvi, mwezi wa Agosti. Kuna mbingu na kuna ardhi, na kati yake upo mstari mmoja unaotoka ukingo hadi ukingo. Upande wa kulia kuna nyumba moja ya kuhifadhia chumvi. Nguzo hakuna, mwambie mbwa aende kwingine.

Sharti langu ni moja. Miaka sita iliyopita, katika ukumbi ambao sitautaja, mwenzako mmoja aliona paa la nyumba nililolilegeza kwa makusudi, akadhani sijui kuchora, akaninyooshea. Nililiona usiku wa kwanza wa onyesho, pamoja na watu mia nane. Sehemu ya pili yote niliimalizia chooni, nikilia kwa hasira. Kwa hiyo: usiongeze, usipunguze, usirekebishe. Kombo langu liache liwe kombo.

Hii ni kazi yangu ya kwanza baada ya miaka miwili. Nitunzie.

Orsola Tedaldi

Mimi Clelia naongeza, hajui: barua yako ilimchekesha. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuhamie nyumba hii.


Borgo Saliceto, 14 Februari 1953

Bibi Orsola mheshimiwa,

Kazi imeanza. Turubai imetandazwa sakafuni, imepigwa misumari pande zote, nasi tunatembea juu yake na viatu vya sufu kama watawa, kila mtu na brashi yake iliyofungwa kwenye fimbo ya mwanzi. Karatasi yako nimeigawa miraba midogo, na turubai nimeigawa miraba mikubwa idadi ile ile. Tunakuza mara thelathini na tano. Milimita yako moja kwangu ni sentimita tatu na nusu, kwa hiyo ukipiga chafya huko Milano, huku tunalowa.

Sasa nikusimulie habari ya mstari.

Upeo wa macho sisi huwa tunaupiga kwa uzi. Unaupaka uzi mkaa, mmoja anashika kichwa, mwingine anashika mkia, unavuta katikati, unaachia. Pwaa! Mstari umenyooka kama sheria, na watu wanakwenda kula. Fosca alikuwa ameshaupaka uzi mkaa. Nikamwambia, "Ngoja kwanza." Nilikuwa nimeikumbuka barua yako. Nikachukua kioo cha kukuzia, nikainama juu ya karatasi yako, na hapo ndipo nilipoona.

Mstari wako unatetemeka!

Na hautetemeki ovyo. Unapanda kidogo, unasita, unashuka, unajikusanya, unatetemeka tena, na kadiri unavyokwenda kulia ndivyo unavyozidi. Nikapiga kelele, "Ni joto! Fosca, amechora joto lenyewe!" Nimeihesabu mitetemo yote. Ni mia mbili na saba, na kila mmoja una namba yake kwenye daftari langu. Siku nne mfululizo nimefanya mazoezi ya kutetemeka, upande wa nyuma wa msitu wangu wa mwaka 1929. Si kazi rahisi kwa mkono uliofundishwa kunyoosha.

"Terzo," akasema Fosca, "umeamkia divai?"

"Huu ndio uchoraji wa kisasa, Fosca."

"Basi marehemu mjomba wako alikuwa mchoraji wa kisasa kila Jumapili."

Msamehe. Mimi nakushukuru kwa moyo wote. Nina miaka hamsini na nne, na nilidhani hakuna mtu tena wa kunifundisha kitu.

Terzo


SIMU YA MAANDISHI
Milano, 17 Februari 1953

NYOOSHA MSTARI. TUMIA UZI. TEDALDI


Borgo Saliceto, 19 Februari 1953

Bibi Orsola,

Ah! Nimekutambua. Unanijaribu.

Umetaka kuona kama mimi ni yule mnyoosha mapaa, kwamba nikikonyezwa tu natupa brashi na kushika uzi. Hunipati. Barua yako nimeibandika ukutani juu ya jiko la gundi, na Fosca huisoma kila asubuhi kama sala: usiongeze, usipunguze, usirekebishe. Mwishoni huongeza "Amina, na Terzo asichelewe."

Na hata ungekuwa hutanii, mama, umechelewa. Nimefika mita ya nane. Rangi yetu ni ya gundi, ikishaingia kwenye nyuzi za turubai haifutiki. Aliyekosea huishi na kosa lake au hununua turubai nyingine.

Jana Daktari Pezzi alipanda ngazi zetu, jambo analolifanya mara moja kwa mwaka kwa sababu ya magoti. Akasimama pembeni, miwani mkononi.

"Baldisserri, mbona upeo umelewa?"

"Daktari," nikamwambia, "mkono wa Orsola Tedaldi ndivyo unavyochora. Kule Milano watu wanasafiri kwenda kuuona."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, nami sijafika Milano tangu nioe. Akaondoka akikuna kidevu. Usiniangushe.

Terzo


Milano, 25 Februari 1953

Bwana Baldisserri,

Sikuwa nakujaribu.

Mstari ule si joto wala si usasa. Ni kosa. Ama utaunyoosha, ama utaondoa jina langu kwenye matangazo yote na kunirudishia mchoro wangu. Sitatoa maelezo.

O. Tedaldi

Bwana Terzo, usimkasirikie. Amenikataza kusema, kwa hiyo sisemi. Muulize mwenyewe, lakini kwa upole. Clelia


Borgo Saliceto, 28 Februari 1953

Bibi Orsola,

Nimesimamisha kazi. Nimefika mita ya kumi na moja, zimebaki tatu.

Leo sina mzaha, au nina mdogo tu, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenziwe gizani na bado hajui ni mguu wa nani. Nitafanya utakalo. Ukitaka, tutaigeuza turubai na kuanza upya upande wa nyuma kwa uzi. Fosca ameshakubali, kwa matusi. Pezzi sitamwambia lolote. Jina lako sitaliondoa kwenye tangazo, kwa sababu bila jina lako hakuna pazia, na bila pazia hakuna sisi. Hilo unalijua, wala sitalirudia.

Naomba tu uniambie nimekosea wapi.

Na kabla hujajibu, nikueleze la jana. Darini kwetu kuna daraja la mbao linalopita juu ya turubai. Ukitaka kuona kazi yako kama atakavyoiona mtu aliyekaa mbali, unapanda pale na darubini ya ukumbini na kuigeuza kinyumenyume. Fosca hapandi kamwe, anasema akitaka kuanguka ataanguka kwake. Jana alipanda. Nadhani alitaka kuliaga pazia.

Fosca alizaliwa Cervia, kwenye mashamba ya chumvi yenyewe. Mama yake alikuwa anakokota chumvi kwa reki. Aligeuza darubini, akatazama, akanyamaza. Miaka kumi na moja nimefanya kazi naye, sikuwahi kukisikia kimya chake.

"Mchana tulikuwa tunampelekea mama chakula," akasema mwishowe. "Tukisimama mwanzo wa tuta, yeye yuko mbali kule. Hatumwoni kama mtu. Tunaona kitu kinatetemeka hivi, hivi hivi kabisa, halafu polepole kinakuwa mama."

Kisha akasema moshi wa gundi umemwingia machoni. Jiko lilikuwa limezimwa.

Nangoja neno lako.

Terzo


Milano, 5 Machi 1953

Bwana Terzo,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Utaona mwenyewe kwa nini imenichukua siku mbili.

Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Ulianza miaka miwili iliyopita, kwenye kijiko cha supu. Daktari ameupa ugonjwa jina refu na dawa chungu, na ameniambia ukweli: hautatulia. Anayejua ni Clelia peke yake. Wenye majumba ya sanaa wanadhani nimekuwa na maringo.

Mstari ule niliuchora mara arobaini. Niliokutumia wewe ndio ulionyooka kuliko yote.

Nilijiambia, ni karatasi ndogo, ni nusu ya milimita, nani ataona? Watapiga uzi, mambo yatakwisha. Nikasahau masharti yangu mwenyewe. Na sikujua kwamba huko Romagna kuna mwanamume mmoja atakayechukua kioo, ahesabu aibu yangu, aipe namba moja hadi mia mbili na saba, kisha aikuze mara thelathini na tano, kwa upendo. Nilipoisoma barua yako ile nilimwomba Clelia aichome. Hakuichoma.

Namwona kila mtu ukumbini akisema: tazameni, Tedaldi amekwisha.

Halafu imekuja hii ya mama yake Fosca. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyochora ule mstari. Sijui la kufanya. Na kumwambia mtu kwamba sijui, ni miaka mingi sijafanya hivyo.

Orsola


Borgo Saliceto, 8 Machi 1953

Bibi Orsola mpendwa,

Nimeiweka barua yako kando ya mchoro, nikaiona: mkono ni ule ule. Nilikaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na kwa muda hapakuwa na mjinga mkubwa kuliko mimi kuanzia hapa hadi Bologna. Siku nne nafanya mazoezi ya kuuiga ugonjwa wa mtu, namwandikia kwa furaha, tena namshukuru! Nisamehe.

Lakini ile shukrani siirudishi. Ilikuwa ya kweli, na mkono uliochora hauwezi kuifanya ya uongo.

Sasa ni zamu yangu kukiri. Nilikuambia zimebaki mita tatu, sikukuambia kwa nini. Tangu kabla ya simu yako nilikuwa najua zitanishinda. Ni zile za mwisho, kulia, baada ya nyumba ya chumvi, pale mstari unapotetemeka zaidi. Sasa naelewa kwamba hapo ulikuwa umechoka. Nimezijaribu mara sita kwenye turubai ya mazoezi. Nikifika hapo mkono wangu unanyoosha wenyewe, kama punda anayelijua zizi lake. Mita kumi na moja nimeiga. Hizi siziwezi.

Njoo uzichore wewe.

Fimbo ya mwanzi ina urefu wa mita mbili. Ukiishika kule juu, kila mtu anatetemeka kule chini, hata Baldisserri wa mbwa. Hakuna atakayekutazama ila mimi na Fosca, na Fosca akitazama hutazama makosa yangu. Yule mwenzetu wa tatu nitamtuma Forlì akanunue misumari ambayo hatuihitaji.

Na uzi bado upo, umetundikwa msumarini, umeshapakwa mkaa. Ukifika, ukapanda darajani, ukatazama, ukasema "nyoosha," tutaigeuza turubai siku hiyo hiyo, na sitauliza tena. Uamuzi ni wako mwenyewe. Naomba tu uuamue ukiwa umeliona pazia. Hadi sasa umeliona kwa hofu tu, ukiwa Milano.

Viatu vya sufu tutakupa. Mguu wako ni namba ngapi?

Terzo


Milano, 11 Machi 1953

Thelathini na saba.

Treni ya Alhamisi ijayo, inafika saa nne na dakika kumi asubuhi. Clelia anakuja pia, anataka kumwona mwanamke anayekutukana.

O.


Borgo Saliceto, 21 Aprili 1953

Bibi Orsola mpendwa,

Ulisema hutakuja usiku wa kwanza kwa sababu usiku wa kwanza una vyoo. Nimelielewa hilo, lakini ulikosa mengi, na sasa itabidi univumilie.

Nilisimama nyuma ya pazia la pembeni, mikono nimeikunja kwapani. Roshani yetu ya juu kabisa unaisikia kwa sifa zake. Wale ni watu waliowahi kumzomea mwimbaji hadi akarudi stesheni akiwa bado amevaa taji. Sehemu mbili za kwanza zilipita salama. Ikaja ya tatu. Pazia kuu likafunguka, taa zikawaka zote, nyeupe, kama ulivyotaka. Hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea. Nikamsikia moyoni mwangu kuku wa banda la kwanza.

Halafu sauti moja kutoka juu, ya mwanamume mnene, ikasema taratibu, "Bikira Maria, joto hili!"

Akavua koti. Nakuapia. Wakaanza kucheka, kisha nikasikia shwa-shwa-shwa, nikachungulia: wanawake wanajipepea kwa karatasi za programu. Safu baada ya safu! Mwezi wa Aprili, nje mvua, ukumbi una baridi kiasi kwamba mpiga filimbi alikuwa na glavu za vidole vilivyokatwa. Daktari Pezzi, mtu wa sayansi, alimwomba mkewe maji.

Mbwa wangu amepitwa, Bibi Orsola. Miaka kumi na tano ameshika nafasi ya kwanza, na wewe umempita.

Jana Pezzi alipanda ngazi, mara ya pili mwaka huu, magoti yakilia. Akasema stoo ya viti itajengwa uani. Akaongeza, "Mwaka kesho muulizeni yule bibi kama ana mchoro mwingine." Fosca alimjibu kwamba yule bibi hachori kwa watu wanaoita upeo wake mlevi. Kisha akampa kahawa, kwa hiyo nadhani tumesamehewa wote.

Watu huniuliza mita zako tatu ni zipi. Nawaambia sijui, pazia ni moja. Huo ni uongo, na nakuandikia wewe ukweli wake. Nikipanda darajani na darubini kinyumenyume, mita zangu kumi na moja zinatetemeka vizuri, kama mwanafunzi aliyekariri. Zako zinapumua. Sioni wivu. Labda kidogo.

Jambo moja la aibu: uzi wetu wa mkaa umepotea tangu siku ile mlipokuja. Fosca ananilaumu mimi, anasema nimeula. Kama Clelia aliuona mahali, aniambie.

Anayekushukuru, kwa mikono yote miwili,
Terzo

Fosca anatuma mfuko wa chumvi ya Cervia. Anasema supu yenu ya Milano anaijua.


Milano, 26 Aprili 1953

Bwana Terzo mpendwa,

Nakuandikia kwa mkono wangu, na safari hii imenichukua asubuhi moja tu. Clelia anataka kuiuza mashine ya kuchapa.

Nachora kila siku. Nimeacha kuchora mstari mara arobaini. Nauchora mara moja, kisha nautazama hadi nijue umechora nini. Mshukuru Fosca kwa chumvi, na mwambie supu imesikia.

Wewe una asante ya pekee. Siku ile, nilipovaa viatu vile vya sufu na kuishika ile fimbo, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilijiandaa unishike kiwiko. Nilijiandaa uniambie "taratibu, mama." Nilikuwa na jibu kali kwa kila moja. Nawe ukaenda hadi ukingo wa kushoto kabisa wa turubai, mita kumi na moja kutoka kwangu, ukainama, ukanipa mgongo, ukaanza kutafuta chaki sakafuni. Ulitafuta chaki ile muda wote niliokuwa nachora. Ilikuwa nyuma ya sikio lako, Terzo. Niliiona.

Asante kwa mgongo ule.

Uzi usiutafute, na umwombe Fosca radhi kwa niaba yangu. Ninao mimi. Niliuiba nilipokuwa nashuka darajani, nikauficha ndani ya mkoba wa Clelia, na mkaa ukamharibia leso mbili. Sasa nimeufunga ukutani kwangu, msumari hadi msumari. Haujakazika vizuri, umelegea katikati, na kila dirisha likifunguliwa unatetemeka.

Wako,
Orsola